Ada ya soko yawapa Wasaraseni mwanya

MBAO 100 zikipelekwa sokoni zinaweza kumpatia mwenye nazo chakula 54 tu, au chakula 90, kutegemea taifa analoliongoza. Tofauti hiyo haitokani na ubora wa mbao wala ujanja wa dalali, bali ada ya soko.

Soko lenyewe limo ndani ya Age of Empires II, mchezo wa kompyuta wa mikakati ya vita uliotengenezwa na Ensemble Studios ya Texas, Marekani, na kutolewa na Microsoft mwaka 1999. Studio hiyo ilifungwa mwaka 2009, lakini mchezo haukufa nayo. Toleo jipya lilitoka Novemba 2019 likiwa na mataifa 35, kutoka 13 ya awali, na mengine yameongezwa baadaye.

Kwa kawaida mchezaji huanza na wanakijiji watatu, chakula 200, mbao 200, dhahabu 100 na mawe 200. Kinachowatenganisha wachezaji ni sifa za mataifa yao: punguzo hapa, nyongeza pale, katazo kwingine. Sifa hizo zikisomwa kama hesabu za biashara, mbinu ya kila taifa hueleweka upesi.

Wasaraseni wauza mawe

Bei ya kuanzia ya chakula 100 au mbao 100 ni dhahabu 100. Ada ya kawaida ni asilimia 30, hivyo mnunuzi hulipa dhahabu 130 na muuzaji hupokea 70. Anayegeuza mbao kuwa chakula hukatwa mara mbili, na ndiyo sababu hubaki na chakula 54. Wasaraseni hutozwa asilimia 5 tu. Wao hununua kwa 105 na kuuza kwa 95, na mbao zilezile huwapatia chakula 90.

Kwa mataifa mengi soko ni mahali pa kukimbilia wakati wa shida. Wasaraseni hulijenga mapema, wakauza mawe yao kwa dhahabu, wakanunua chakula ili wawahi kuingia Enzi ya Ngome kabla ya mpinzani.

Hata hivyo, jiwe lililouzwa halijengi. Ngome moja huhitaji mawe 650, na aliyemaliza akiba hulazimika kuyachimba upya. Aidha, bei za soko ni za wachezaji wote kwa pamoja, na kila mauzo huzishusha. Anayemwaga mawe kwa pupa hujiharibia bei mwenyewe.

Wachina wana watu, hawana ghala

Kwa kanuni zilizoanza mwaka 2000, Wachina huanza na wanakijiji sita badala ya watatu, lakini hukatwa chakula 200 na mbao 50. Mwanakijiji mmoja hugharimu chakula 50, kwa hiyo wale watatu wa ziada wana thamani ya chakula 150. Taifa limetoa bidhaa 250 kununua nguvukazi ya 150.

Ile 100 ya ziada ni bei ya muda. Mwanakijiji mmoja huchukua sekunde 25 kupatikana, na wenzao wa Wachina hungoja sekunde 75 kufikisha idadi hiyo. Lakini Wachina hawana chakula cha kumpata mwanakijiji wa saba mpaka chakula cha kwanza kiingie. Mchezaji mzoefu huwapeleka watu wake kuchinja kondoo mara moja, akavuna faida. Mgeni huliacha jengo kuu la mji likikaa bila kazi, na mtaji wake ukayeyuka mapema.

Mkupuo au punguzo

Mataifa mawili ya Afrika yaliyoongezwa mwaka 2015 yanaonyesha njia mbili za kupata ruzuku. Waethiopia hupewa chakula 100 na dhahabu 100 kila wanapovuka kwenda enzi mpya. Wamali hupunguziwa asilimia 15 ya mbao za majengo, isipokuwa mashamba. Ruzuku ya kwanza ni fedha taslimu, nayo humshawishi mchezaji aajiri askari na kushambulia papo hapo. Ya pili ni akiba ya kidogo kidogo, inayomfaa anayejenga mji mkubwa.

Wagothi wategemea wingi

Wagothi hupata askari wa miguu kwa bei nafuu, na mwishoni mwa mchezo kambi zao huwatoa kwa kasi ambayo wachache huweza kuizuia. Askari akianguka, mwingine yuko njiani. Lakini hawaruhusiwi kujenga kuta za mawe.

Mpinzani anayelijua hilo huwashambulia mapema, kabla wingi wao haujafika. Mgothi naye hutumia sehemu ya kwanza ya mchezo akijilinda ili afike anakofaidi. Anayeliongoza taifa hilo kisha akajaza jeshi wapiga upinde huwa ameacha punguzo lake mezani.

Ramani hupandisha na kushusha

Katika mashindano yenye zawadi, kama Red Bull Wololo yaliyofanyika ndani ya kasri la Heidelberg, Ujerumani, mwaka 2022, wachezaji huchagua na kupigana marufuku mataifa kabla ya kuanza. Hapo thamani ya kila taifa hupimwa kwa ramani inayochezwa.

Kwenye Arabia, uwanja ulio wazi, Mgothi asiye na ukuta wa mawe yumo hatarini tangu dakika za mwanzo. Kwenye Arena kila mchezaji huanza akiwa amezungukwa na kuta, kwa hiyo katazo lake halimuumizi sana na muda wa kungoja wingi anao. Kwenye visiwa, ambako vita huamuliwa kwa meli, askari wake wa bei nafuu hana pa kukanyaga, na punguzo lote hilo halimpatii kitu.