UKURASA WA AFYA: NJIA TUNAZOZIPITA NI DAWA
Matembezi na mbio za polepole katika Nachingwea na Ruangwa

Tuanze kwa mfano ambao familia nyingi zitautambua. Baba wa miaka 52 ameketi barazani jioni, anasubiri chakula. Ghafla kikombe kinamponyoka. Mkono wa kulia hauinuki, mdomo umepinda upande mmoja, na maneno yanatoka kama ya mlevi. Jirani anasema ni jini, mwingine anasema amerogwa. Usiku unapita kwa kubishana, na asubuhi ndipo anapobebwa kwenda hospitali. Huko anapimwa na kukutwa na shinikizo la damu la 190 kwa 110. Baba huyo hakuwahi kupimwa hata siku moja, kwa sababu hakuwahi kujisikia mgonjwa.

Hicho ndicho kiharusi. Anayeonyesha dalili hizo apelekwe hospitali saa ileile, si kesho yake. Kinachofuata nyumbani twakijua: mama analima peke yake, ada ya shule haipatikani, na mtoto mmoja anabaki nyumbani kumgeuza baba kitandani.

Shinikizo la damu, ambalo wengi tunaliita presha, halipigi hodi. Vivyo hivyo kisukari cha watu wazima huweza kukaa mwilini miaka kadhaa kabla ya kujulikana. Magonjwa haya hupunguzwa kwa mambo kadhaa: chumvi kidogo, kuacha sigara, kujizuia na pombe, kula mboga na matunda, na kuutumia mwili. Leo tutazungumza juu ya hili la mwisho, kwa sababu dawa yake haiuzwi dukani. Imelala nje ya mlango wako, nayo ni njia.

"SISI TUNALIMA, MAZOEZI YA NINI?"

Swali hili ni la haki. Mtu anayelima kwa jembe tangu alfajiri hadi saa nne amekwisha kufanya mazoezi ya siku hiyo, wala hatumwambii akimbie tena jioni. Kulima, kutwanga, kuchota maji na kupasua kuni ni kazi ambazo moyo huzihesabu.

Lakini tujipime kwa ukweli. Kuna mwalimu, karani, mwenye duka, fundi cherehani na dereva wa bodaboda, ambao hukaa kutwa nzima. Kuna mkulima ambaye baada ya kuuza mazao hukaa majuma mengi akicheza bao. Na sisi wote, safari ambayo zamani tuliiendea kwa miguu, leo twaiendea kwa pikipiki, hata kama ni ya kwenda gengeni kununua nyanya.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kila mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa juma za kazi au mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka. Dakika 30 kwa siku tano zinatosha kufikia 150. Anayekimbia anaweza kutumia nusu ya muda huo. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji dakika 60 kila siku, na wengi wao huzipata kwa kucheza, kama hatuwafungii ndani.

Basi tutembee wapi? Tuziangalie njia zetu moja moja.

1. NJIA YA RELI YA ZAMANI

Vijana wengi hawajui kuwa Nachingwea iliwahi kuwa na garimoshi. Mwaka 1947 serikali ya Waingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Misitu ilifyekwa kwa matrekta, na reli ikajengwa kutoka pwani ili kubeba karanga. Mwaka 1951 mradi uliachwa kwa hasara kubwa. Reli nayo ilifungwa miaka ya mwanzo ya 1960, na vyuma vikang'olewa. Jina ndilo lililobaki: hadi leo Nachingwea kuna kata iitwayo Stesheni.

Hayo yanahusu nini afya? Yanahusu sana. Garimoshi zito haliwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo wahandisi huitafutia reli mahali penye mwinuko mdogo. Kama karibu nawe kuna kipande cha tuta hilo, waulize wazee wakuonyeshe. Njia ya namna hiyo yamfaa anayeanza, mama aliyenenepa, mzee mwenye magoti mabovu na anayetoka katika ugonjwa. Moyo hufanya kazi taratibu bila kushtushwa na kilima.

Tena ni njia yenye kumbukumbu. Mashamba ya mradi ule yalipewa namba, na jina la Farm 17 halijasahaulika. Wapigania uhuru wa Msumbiji wa FRELIMO walikuwa na kambi yao ya mafunzo hapa Nachingwea, na Samora Machel alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Mzee anayekumbuka siku hizo akitembea na mjukuu wake, mjukuu atapata somo la historia na babu atapata dawa ya moyo.

2. KATIKATI YA MIKOROSHO

Huko Ufaransa, tangu mwaka 1985, watu hukusanyika kukimbia mbio ndefu katikati ya mashamba ya mizabibu ya Médoc. Hapa Tanzania mizabibu iko Dodoma. Sisi wa kusini tumepewa mikorosho, nasi tusione wivu, kwa maana mkorosho una kitu ambacho mzabibu hauna, nacho ni kivuli. Katika joto letu kivuli ni sehemu ya dawa. Njia ya shambani ni ya udongo laini, hainyanyasi magoti kama lami, wala haina malori.

Hata hivyo njia hii ina majira yake. Kuanzia Juni hadi Septemba hivi, wakulima hupuliza salfa ya unga ili kuzuia ubwiriunga, ugonjwa unaoshambulia majani machanga na maua ya mikorosho. Kazi hiyo hufanyika asubuhi na mapema, majani yakiwa bado na umande, na ndiyo saa ambayo mtembeaji naye ameamka. Salfa huchoma macho na kukera koo. Kwa mwenye pumu yaweza kuleta shida kubwa ya kupumua, na anayekimbia huvuta hewa nyingi kuliko aliyesimama. Kwa hiyo katika miezi hiyo ukisikia mlio wa mashine ya kupulizia, geuza njia. Panga matembezi yako jioni, au pita upande ambao hawapulizi siku hiyo. Watoto pia wasiachwe kufuata mashine kwa sababu ya kushangaa moshi ule.

Wakati wa mavuno, kuanzia Oktoba, omba ruhusa kabla ya kukatiza shamba la mtu. Korosho ni mali, na mgeni anayekimbia chini ya mikorosho ya wenyewe alfajiri asishangae akiitiwa mwizi.

3. VILIMA VYA RUANGWA

Ruangwa ina vilima ambavyo havihitaji kusifiwa na mgeni. Atakayepanda kilima asubuhi ataona ukungu umelala bondeni na moshi wa majiko ukipanda. Kupanda ni zoezi lenye nguvu kuliko kutembea tambarare: dakika 10 za kupanda huutosha moyo wa anayeanza. Basi panda kwa kutembea, usikimbie. Ukifika juu pumzika, na ushuke kwa hatua fupi huku magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, kwa kuwa watu wengi huumia wakati wa kushuka.

Kipimo ni rahisi. Ukiweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba, umefika kiasi kinachofaa. Ukishindwa hata kumjibu salamu, punguza.

Nao wanaopita barabara kuu, kama ile ya kutoka Nanganga kwenda Ruangwa, watembee upande wa kulia ili wayaone magari yanayowajia usoni. Alfajiri na jioni vaeni nguo nyeupe. Kitenge cheusi dereva hakioni.

4. KANDO YA MITO

Mto Mbwemkuru uko upande wa kaskazini, na Lukuledi uko kusini yetu ukielekea Lindi. Kati yake kuna vijito vingi ambavyo hujaa wakati wa masika na kubaki mchanga wakati wa kiangazi. Njia za kando ya mito zina ubaridi na ndege wengi, na kukimbia kwenye mchanga mkavu huimarisha miguu ingawa huchosha haraka.

Lakini tuseme wazi hatari zake. Kwanza ni kichocho. Vimelea vyake huingia mwilini kupitia ngozi ya anayekanyaga maji yenye konokono wa ugonjwa huo, na dalili inayojulikana ni mkojo wenye damu. Kwa hiyo usimalize matembezi kwa kunawa miguu kwenye dimbwi, nawa nyumbani. Pili, mahali wenyeji wanaposema pana mamba, waamini. Tatu ni tembo. Katika miaka ya karibuni tembo wameingia mashambani na vijijini katika wilaya zetu, na watu wamepoteza maisha. Kabla ya kwenda njia ya pori au ya mtoni, uliza ofisi ya kijiji kama wameonekana. Usiende kabla ya kupambazuka, wala usiende peke yako. Ukiona nyayo mbichi au kinyesi kibichi, rudi. Zoezi litafanyika kesho.

ANZA HIVI

Kabla ya yote, nenda zahanati ukapimwe presha. Kama una miaka zaidi ya 40, au unene, au ndugu waliopata kiharusi, usiliahirishe jambo hili. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi, ikirudiwa kupimwa na kubaki hivyo, yahitaji matibabu. Na aliyepewa vidonge asiviache kwa sababu ameanza kutembea. Matembezi na vidonge ni ndugu, hufanya kazi pamoja.

Juma la kwanza na la pili: tembea kwa haraka dakika 10 hadi 15, siku tano.

Juma la tatu na la nne: fikisha dakika 20 hadi 25.

Kuanzia juma la tano: dakika 30. Anayetaka kukimbia akimbie dakika 1, atembee dakika 2, arudie hivyo, na kila juma aongeze kidogo.

Kunywa maji kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Nenda alfajiri kukishapambazuka, au jioni baada ya saa kumi. Viatu si lazima viwe vya bei kubwa, lakini viwe imara, visibane. Mwenye kisukari asiende peku kabisa, na kila akirudi akague nyayo zake, maana kidonda kidogo asichokihisi chaweza kumgharimu mguu. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari abebe sukari kidogo au pipi mfukoni, ili akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi aile mara moja. Mama mjamzito anaweza kutembea, akishauriwa na muuguzi wa kliniki. Mwenye seli mundu aongee na daktari kwanza, na asijichoshe. Mwenye homa apumzike na kupimwa malaria.

Simama mara moja ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika kuliko kawaida. Wote tunamheshimu John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akamaliza mbio. Yeye alikuwa akiiwakilisha nchi. Wewe unatafuta afya, na hakuna medali inayokungoja Stesheni. Ukiumia, simama.

TUTEMBEE PAMOJA

Mtu peke yake huanza kwa bidii na kuacha baada ya juma moja. Wawili hukumbushana. Kwa hiyo twapendekeza jambo hili lianze katika jumuiya ndogondogo: Jumamosi moja, baada ya sala, familia zitembee pamoja nusu saa, akina mama na kanga zao, wazee na fimbo zao, watoto wakitangulia mbele. Njiani mpitieni yule mgonjwa ambaye hamjamwona muda mrefu, mkamjulie hali.

Tena akina baba, msiwaache akina mama na watoto peke yao katika hili. Mama amekwisha kuchota maji na kutwanga tangu asubuhi. Yule wa barazani ndiye anayehitaji kuinuka. Kikombe bado kimo mkononi mwake na mkono bado una nguvu, basi akiweke chini, avae viatu, atoke.