Raha ya Likizo Huanza Kabla ya Safari

Shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, Eldoret huwa na pilikapilika zake. Mahindi yanavunwa Moiben na Ziwa, malori ya magunia yanaingia mjini, na nyumbani watoto wana swali moja: tutaenda wapi? Wazazi wengi hujibu, "Tutaona." Ikifika tarehe 20 Desemba, nauli imeshapanda, uamuzi unafanywa kwa haraka, mabegi yanafungwa usiku, na familia inajikuta ndani ya basi la Mombasa, kilomita 800 hivi, bila kupata hata juma moja la kuisubiri safari yenyewe. Nasikitika kila nikiona hivyo, kwa sababu watafiti wamegundua kwamba sehemu kubwa ya furaha ya likizo imo katika kule kusubiri.

Mwaka 2010 Jeroen Nawijn na wenzake nchini Uholanzi walichapisha utafiti uliohusu watu wazima 1,530. Kati yao 974 walisafiri likizo, wengine walibaki nyumbani. Waliokuwa na safari mbele yao walikuwa na furaha kuliko wasiokuwa nayo. Waliporudi, tofauti hiyo ilikuwa imetoweka, isipokuwa kwa waliosema likizo yao ilikuwa tulivu sana, na hata kwao haikudumu zaidi ya wiki chache. Kukaa siku nyingi au chache hakukubadilisha lolote.

Msomaji anaweza kuvunjika moyo hapo. Mimi naona tumepewa jambo ambalo mtu wa kipato cha kawaida analiweza kabisa, kwani kusubiri hakulipiwi nauli. Mtoto akiambiwa Septemba kwamba tarehe fulani ya Desemba mtashuka Bonde la Kerio, ana miezi mitatu ya kuuliza kama kuna mamba, kuwasimulia wenzake na kuchagua nguo. Mwaka 2014 Amit Kumar, Matthew Killingsworth na Thomas Gilovich walionyesha kwamba kusubiri tukio, kama safari au tamasha, kunafurahisha kuliko kusubiri bidhaa uliyonunua, ambako huja na ukosefu wa subira. Lakini lazima pawe na tarehe na mahali. Hakuna anayeweza kuifurahia "tutaona."

Fedha nazo zina wakati wake. Drazen Prelec na George Loewenstein, katika makala yao ya mwaka 1998, waliwauliza watu: tuseme unakwenda likizo ya wiki moja visiwa vya Karibi kwa dola 1,200. Ungependa kulipa dola 200 kila mwezi kwa miezi sita kabla ya safari, au miezi sita baada ya kurudi? Wengi walichagua kulipa kabla. Walipoulizwa hivyo hivyo kuhusu mashine ya kufua na kukausha nguo, wengi walitaka kulipa baadaye. Sababu inaeleweka: mashine inaendelea kukufulia huku ukiilipia, lakini deni la safari iliyokwisha ni maumivu matupu, na wazo la deni hilo huingia hata katikati ya starehe yenyewe. Sisi Wakenya tunayajua maumivu hayo vizuri, tunayaita Njaanuari: karo, sare na vitabu vinadaiwa, na juu yake mkopo wa simu uliolipia Krismasi. Chama cha akina mama kinachochangisha shilingi kidogo kila wiki tangu Juni kwa ajili ya safari ya Desemba kinafanya kile ambacho utafiti unakiunga mkono. Gari linapoondoka, fedha zimeshalipwa na kusahaulika. Ombi langu ni moja tu, kwamba mfuko huo usichanganywe na wa karo.

Ugunduzi mwingine unahusu mwisho. Mwaka 1993 Daniel Kahneman, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, pamoja na wenzake, waliwaomba watu watumbukize mkono katika maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine walitumbukiza mkono wa pili kwa sekunde 60 zilezile, kisha wakaongezewa sekunde 30 huku maji yakipashwa taratibu hadi nyuzi 15, bado baridi ya kuumiza. Walipoulizwa warudie lipi, wengi walichagua lile refu. Walikuwa tayari kuumia zaidi kwa sababu mwisho wake ulikuwa na nafuu. Kumbukumbu haijumlishi dakika zote. Hushika kilele cha jambo na namna lilivyokwisha.

Sasa tazama jinsi safari zetu zinavyokwisha. Siku ya mwisho ni ya kutafuta zawadi za jamaa, kugombania nauli na kusubiri gari juani. Hiyo ndiyo picha inayobaki.

Kwa familia ya Eldoret, naona njia ya Iten ina mpangilio bora zaidi. Iten iko kilomita 35 hivi kutoka mjini, kwenye mwinuko wa mita 2,400. Ukipita hapo barabara inateremka kwa kona kali kuelekea Tambach, na sakafu ya bonde iko zaidi ya mita 1,000 chini. Hewa huongezeka joto kwa karibu nyuzi 6 na nusu kila unaposhuka mita 1,000, hivyo sweta uliyoivalia Iten utaivua kabla ya kufika mtoni, na watoto watafungua madirisha wenyewe. Unavuka Mto Kerio, unapanda Kabarnet, unateremka tena Marigat hadi Ziwa Baringo, au Bogoria kwenye chemchemi za maji ya moto. Lala huko siku mbili. Ila waulize kwanza madereva wa matatu za Kabarnet kuhusu usalama wa njia.

Mkienda, msisimame kwenye korongo la Chebloch, pale mnapovuka Mto Kerio. Liwekeni la kurudi. Pale darajani, mto umebanwa na kuta za mawe, na vijana wa eneo hilo hupanda juu ya mwamba, hunyoosha mikono, kisha hujirusha majini mbele ya wageni. Watoto wakiona hayo saa chache kabla ya kufika nyumbani, watakuwa wakiyasimulia hadi shule zifunguliwe.

Kuna tahadhari moja. Baridi ya Eldoret hupunguza sana malaria, na kwa hiyo miili yetu haina kinga waliyo nayo wanaoishi maeneo ya joto. Beba neti na dawa ya mbu. Dalili za malaria hatari zaidi kwa kawaida huonekana siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa, wakati umeshasahau safari. Mtoto akipata homa baada ya kurudi, mpeleke apimwe siku hiyohiyo na umwambie daktari mlikokuwa.

Utulivu ule waliouona Waholanzi unahitaji kulindwa pia. Mwenye duka anayejibu simu za bei ya saruji akiwa kando ya Bogoria bado yuko dukani. Mwachie mtu funguo na mamlaka ya kuamua.

Kuhusu urefu wa likizo, mtafiti Jessica de Bloom na wenzake waliwafuata wafanyakazi waliokuwa kwenye likizo ndefu ya wastani wa siku 23. Afya na furaha zao zilipanda haraka, zikafika kilele siku ya nane, na ndani ya wiki ya kwanza ya kurudi kazini zikawa zimeshuka mahali zilipokuwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, na inaruhusu kuzigawa mkikubaliana na mwajiri. Basi zigawe. Chukua chache Aprili, chache Agosti, Eldoret inapokuwa na mvua na matope huku bondeni kuna joto, na nyingine Desemba. Utapata tarehe tatu za kuwaambia watoto, na uwaambie mapema.