Joto Kali Halipimwi kwa Kipimajoto Peke Yake

Tarehe 13 Julai 1995, halijoto katika uwanja wa ndege wa Midway, Chicago, ilifikia nyuzi 41 za Selsiasi. Katika wimbi hilo la joto, vifo vilizidi kiwango cha kawaida kwa watu 739. Wengi walikuwa wazee, na baadhi yao walikutwa wamefariki peke yao vyumbani, madirisha yakiwa yamefungwa.

Takwimu za mitaa ndizo zilizowashangaza watafiti. North Lawndale na South Lawndale ni mitaa inayopakana, yenye jua lile lile, na idadi ya wazee maskini walioishi peke yao ilikaribiana kwa uwiano. Hata hivyo, North Lawndale ilipoteza watu 40 katika kila wakazi 100,000. South Lawndale, 4 tu. Mwanasosholojia Eric Klinenberg aliitafuta sababu barabarani. Upande mmoja maduka yalikuwa yamefungwa, majengo yametelekezwa, na wazee waliogopa kutoka nje. Upande wa pili barabara zilijaa watu. Mzee aliweza kutoka, kuingia dukani penye ubaridi na kuonwa na jirani.

Ndiyo maana vipimo vya leo huunganisha mambo matatu: joto lenyewe, udhaifu wa mwili, kama vile uzee na kisukari, na uwezo wa kujikinga. Mwaka 2009 watafiti nchini Marekani walitumia vigezo 10 kuchora ramani ya miji yao; miongoni mwake ni umaskini, kuishi peke yako, uhaba wa uoto na kukosa kiyoyozi.

Vigezo hivyo, hata hivyo, havihamishiki ovyo. Swali la kiyoyozi huzitenganisha kaya za Chicago. Likiulizwa Tandale, Dar es Salaam, kaya nyingi mno zitajibu hapana, na ramani itakuwa ya rangi moja. Huko yafaa kuuliza kuhusu bati lisilo na dari, dirisha lisilofunguliwa usiku kwa kuhofia wezi, umbali wa maji, na kazi ya mbeba mizigo asiyeweza kupumzika adhuhuri. Unyevu wa pwani nao lazima uhesabiwe, kwa kuwa jasho lisilokauka halipoozi mwili.

Bado kuna jambo ambalo sensa haiwezi kulionyesha. Huhesabu wanakaya, lakini haisemi ni nani humjulia hali bibi aliyebaki nyumbani mchana, wengine wote wakiwa kazini. Swali hilo mhudumu wa afya ya jamii anaweza kuliuliza pale pale mlangoni.