Matibabu ya Maambukizi ya Tezi za Maziwa kwa Mbwa Anayenyonyesha: Shinyanga na Geita

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, mbwa hufugwa hasa kwa ulinzi wa boma, mifugo na makambi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mbwa anaponyonyesha, bakteria huweza kuingia katika tezi za maziwa kupitia tundu la chuchu au michubuko ya kucha za watoto wake. Tezi huvimba, huwa ngumu na yenye moto. Maziwa hubadilika rangi, na joto la mwili huweza kuzidi nyuzi 39.2 za Selsiasi.

Mfugaji aujuaye ugonjwa wa kiwele cha ng'ombe anaweza kushawishika kutumia dawa aliyonayo nyumbani, yaani oksitetrasaiklini. Hatari yake ni kwamba dawa hiyo hupita katika maziwa na huweza kudhuru meno na mifupa ya watoto inayokua. Kwa sababu hiyo, daktari wa mifugo huchagua dawa iliyo salama zaidi kwa wanaonyonya, kama vile amoksilini yenye asidi ya klavulaniki. Tezi hukandwa kwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa taratibu, nao watoto hupimwa uzito kila siku. Tezi ikitunga usaha au kuwa nyeusi, watoto huachishwa mara moja na kupewa maziwa mbadala, kwani kuchelewa kwaweza kumwua mama na watoto pia.