Ugonjwa si Kipimo cha Imani

Unyanyapaa ni kumvunjia mtu heshima kwa sababu ya ugonjwa alionao. Baada ya mgonjwa wa kwanza wa Korona kutangazwa nchini Tanzania tarehe 16 Machi 2020, unyanyapaa ulipata nguvu kutoka pande mbili: tafsiri za kidini na habari za kutisha.

Mwezi huo huo, Rais John Magufuli aliwaambia waumini kanisani Dodoma kwamba Korona ni shetani na haiwezi kukaa katika mwili wa Kristo. Maneno hayo yaliwatia moyo wengi. Lakini kwa mgonjwa yangeweza kumaanisha kwamba aliyeambukizwa ana imani haba. Machi 2021, Baraza la Maaskofu Katoliki lilieleza kuwa mapadre zaidi ya 25 na watawa 60 walifariki dunia ndani ya miezi miwili baada ya kupata shida ya kupumua. Kirusi husafiri katika hewa tunayovuta. Hakimbagui mcha Mungu.

Upande wa pili unajulikana vyema Buhigwe. Februari 2021, mitandao ya kijamii ilimzushia kifo mbunge wa jimbo hilo, Dkt. Philip Mpango, aliyekuwa Waziri wa Fedha. Tarehe 23 alizungumza na waandishi wa habari hospitalini Dodoma. Tarehe 31 Machi aliapishwa kuwa Makamu wa Rais. Uzushi wa namna hiyo huwafanya watu waamini kwamba kulazwa ni kufa.

Mwenye kuona aibu au hofu huficha kikohozi na homa. Hapo ndipo hatari ilipo, kwani oksijeni katika damu yaweza kushuka kabla mgonjwa hajahisi kuishiwa pumzi. Kipimo cha kidoleni kikionesha chini ya asilimia 90, hiyo ni dharura.

Mhudumu wa afya amsikilize mgonjwa faragha, aulize dalili pasipo kuhoji mwenendo wala dini yake, na atunze siri. Mgonjwa naye, asikiapo habari ya kutisha, aulize nani kaisema na lini, kisha apige simu ya Wizara ya Afya, namba 199, bila malipo. Anayesali aendelee kusali, na kituoni afike mapema. Hospitali ya Heri, wilayani Buhigwe, ni ya Kanisa la Waadventista Wasabato: humo sala na dawa hukaa chini ya paa moja.