Bunduki ya mshale

Bunduki ya mshale ni chombo cha uvuvi ambacho mpiga mbizi hukitumia kurushia samaki mshale wa chuma chini ya maji. Haina baruti wala risasi, ingawa wavuvi wa pwani ya Kenya huiita "bunduki" tu. Nguvu yake hutoka mikononi mwa mvuvi mwenyewe, ikahifadhiwa katika mpira uliovutwa au hewa iliyoshindiliwa. Bunduki za springi zilitumika kusini mwa Ufaransa katika miaka ya 1930, lakini leo ni nadra.

Katika bunduki ya mpira, mshale hulala wazi juu ya mti au bomba, hivyo ni rahisi kulenga. Mpira huvutwa kufikia takriban mara tatu ya urefu wake. Ili kupata nguvu nyingi, bunduki yenyewe lazima iwe ndefu, na hapo ndipo taabu huanza: maji huipinga inapogeuzwa kando, na ndani ya pango la mwamba haigeuki kabisa. Inafaa zaidi maji maangavu na samaki wa mbali.

Bunduki ya hewa hutoa nguvu kubwa ikiwa fupi. Mvuvi husukuma mshale ndani ya bomba hadi pistoni inase. Hata hivyo huhitaji matunzo, kwani mchanga huharibu vizibo vyake. Kina pia huathiri: kila mita 10 huongeza shinikizo la maji kwa takriban angahewa 1. Bunduki iliyojazwa angahewa 20 hupoteza sehemu moja kwa kumi ya msukumo ikifika mita 20. Mpira hauna tatizo hilo.

Nguvu ikizidi uzito wa bunduki, teke lake huinua mdomo kabla mshale haujatoka. Ndiyo maana kuongeza mpira wa pili kwenye bunduki nyepesi mara nyingi ni hasara. Bunduki nzito ya mbao hutulia, ila huchosha mkono.

Aina zote hupakiwa ndani ya maji tu, na huondolewa nguvu kabla ya mvuvi kupanda chomboni.

Nchini Kenya wavuvi hujitengenezea bunduki kwa mbao, vipande vya tyubu na nondo. Serikali ilizipiga marufuku mwaka 2001, pamoja na juya la kukokota ufukweni, lakini bado hutumika. Mshale unaomkosa samaki mwambani huweza kuvunja matumbawe.