Fidia Inapoingia Mume na Mke Wametengana



Nikiwa likizo nyumbani Bukene, baada ya sala ya jumuiya mama mmoja aliniuliza: "Frateri, mimi na baba watoto tumetengana, huu ni mwaka wa pili. Shamba letu limechukuliwa na fidia inakuja kwa jina lake. Nikidai, si nitaonekana nina tamaa?" Nilimjibu, "Mama, naomba muda nifikiri." Makala hii ni jibu langu.

Swali hili si la mtu mmoja. Bukene iko kwenye njia ya reli kati ya Tabora na Isaka, na bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita pia mkoani Tabora. Miradi mikubwa huchukua ardhi na kuacha fidia. Familia iliyozoea kuhesabu magunia ya mpunga hujikuta siku moja inahesabu mamilioni.

Kwanza, tukumbuke kuwa kutengana si kuvunja ndoa. Sheria za Kanisa, kanuni ya 1151 hadi 1155, zinakubali wanandoa watengane kwa sababu halali, lakini kifungo cha ndoa kinabaki. Kanuni ya 1154 inadai matunzo na malezi ya watoto yahakikishwe daima. Kwa hiyo anayepokea fedha hizo bado ni mume, na bado ni baba.

Pili, tuulize fedha imetoka wapi kabla ya kuuliza imeingia kwa jina la nani. Fidia ni shamba lililogeuka fedha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, inapotoa amri ya kutengana au talaka. Mahakama huangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, pamoja na madeni na mahitaji ya watoto, kisha huelekea kwenye mgawo sawa. Jina la mmoja linampa nafasi ya kwanza, lakini linaweza kupingwa kwa ushahidi. Hata shamba alilokuwa nalo mmoja kabla ya ndoa linaweza kuingia kwenye mgawo, kama wote wawili wameliendeleza kwa kiasi kikubwa.

Je, kupika na kulea ni mchango? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango. Hata hivyo Bi Hawa hakupata mgawo, kwa sababu mumewe alikwisha kumpa fedha naye akazitapanya. Haki inahesabu tulichochangia, na inahesabu pia tulichokwisha kuchukua.

Aristotle anafundisha kuwa haki katika kugawa hufuata uwiano. Tuchukue mfano: fidia ni shilingi milioni 6. Deni la pembejeo la familia ni 800,000, na mahitaji ya shule ya watoto ni 1,200,000. Hayo yatoke kwanza. Zinabaki milioni 4, kila mmoja achukue 2. Kugawa milioni 6 nusu kwa nusu, huku ada zote zikimwangukia anayeishi na watoto, kungekuwa usawa wa macho tu.

Nashauri mazungumzo yaanze kabla fedha haijaingia. Paroko au wazee wa pande zote mbili wasaidie. Ikishindikana, lipo Baraza la Usuluhishi la Ndoa, kisha mahakama. Makubaliano yaandikwe na kusainiwa mbele ya mashahidi. Palipo na vipigo au vitisho, mtu asiende kuzungumza peke yake.

Mama yangu, kudai jasho lako si tamaa. Tamaa ni kushika cha mwenzako, awe mume au mke. Wala fedha hiyo isifanywe bei ya kurudiana. Mlango wa kupatana ubaki wazi. Mgawo wa haki hauufungi, bali dhuluma ndiyo huufunga.

Mungu azibariki familia zetu.